Usiiuze Kwanza Hiyo Koranglei

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, hofu na mashaka ni kwako. Watoto wazima, mama mzima, mgongo wake umetulia. Salamu zimekwisha, sasa tugombane.

Salma kaniambia unauza koranglei, ile dada mkubwa wa oboe mwenye sauti nzito. Nikamwuliza, "Ameuza au anataka kuuza?" Akasema bado, ila umeshaipiga picha na sanduku umelipangusa. Oboe unabaki nayo, koranglei iende. Na sababu uliyompa eti ni kwamba umechoka kulia kwa niaba ya watu. Nilicheka peke yangu, kisha nikakosa la kusema, maana nilipopekua kichwani nitafute pa kukupinga sikupaona upesi.

Kimya chetu tutakizungumza siku nyingine, una lako na mimi nina langu. Leo nina mambo mawili tu: usiuze kwanza, na usome kurasa za muziki niliokuandikia, nimeziambatanisha. La pili ndilo litakalokula barua yote, nakuonya mapema.

Kuhusu kulia, una haki. Nimekaa nikapitia kazi zote ninazozijua nikitafuta mahali ambapo ala yako imeachiwa icheke. Berlioz, mwaka 1830, kaipa nafasi ya mchungaji kondeni: mwanzoni anaitikiwa na oboe iliyo nje ya jukwaa, mwishoni anaita tena na hakuna anayemjibu, ila ngurumo za wapiga timpani wanne. Sibelius kaifanya bata maji anayeelea kwenye mto wa nchi ya wafu. Shostakovich katika simfonia ya 8, mwaka 1943, anaipiga okestra mpaka ukumbi unatikisika, halafu anakuacha wewe peke yako juu ya nyuzi zinazotetemeka, uzungumze na mabaki. Hata Dvořák, ambaye si mtu wa matanga, amekukalisha sehemu nzima ya kwanza ya simfonia yake ya 9 bila nota moja. Koranglei inaingia kwenye Largo, ile sehemu ya pili ya polepole, inaimba wimbo ambao kila mtu ukumbini anaujua, kisha kazi imekwisha. Na wimbo huo unataka uupige na ala iliyopoa na tete la mdomoni lililoanza kukauka. Nakumbuka ulivyokuwa ukiikumbatia chini ya kwapa kama mtoto mwenye homa ili isishuke sauti, ukipuliza hewa ndani bila kutoa mlio.

Aliyenikera zaidi ni Wagner. Katika sehemu ya tatu ya opera yake Tristan und Isolde mchungaji anapiga wimbo mrefu wa huzuni kwa kuwa merikebu haionekani baharini, na hapo koranglei imeachwa peke yake kabisa, okestra nzima kimya. Inatosha, inajitegemea. Merikebu inapoonekana, mchungaji anatakiwa apige wimbo wa furaha. Unajua bwana yule kaandika nini kwenye nota? Kwamba isikike kama ala ya asili yenye nguvu, mfano wa baragumu ndefu za milimani, kwa hiyo ama iongezewe oboe na klarineti, ama itengenezwe ala maalumu ya mbao kwa ajili ya kifungu hicho. Yaani huzuni unaiweza mwenyewe, furaha inakuja utafutiwe msaidizi! Niliposoma hapo ndipo nilipoelewa kwa nini umepiga ile picha.

Lakini ngoja. Donizetti mwaka 1816, hata miaka 20 hajafikisha, aliandika konseto ndogo ya koranglei ambayo ndani yake kuna wimbo na mageuzo yake, na mwishoni mbio tupu. Hakuna maiti humo. Hindemith, mwaka 1941, kaandika sonata na piano, na katikati kuna kipande chepesi cha mchezo. Na Rossini kwenye utangulizi wa opera yake Guillaume Tell, mara tu dhoruba inapopita, kaiweka ikicheza na filimbi, asubuhi kweupe. Kwa hiyo si kwamba haiwezi. Watu wameizoea mahali pamoja. Hao ndio wale wale waliomsema Franck mwaka 1889, wanavyosimulia, kwamba nani amewahi kusikia koranglei ndani ya simfonia, na ilhali Haydn alishaweka mbili kwenye simfonia yake ya 22, mwaka 1764.

Sasa kazi yangu. Ni koranglei, fidla mbili, viola na selo. Imegawanyika sehemu tatu zinazofuatana bila kusimama, na ya katikati ni ngoma. Nasema ngoma kwa maana ya kuchezeka, mapigo sita yanayogombana na matatu. Nimeiandika nikikuwazia wewe, si mpigaji yeyote tu.

Rashidi alipoona alicheka. Kasema, "Andika maombolezo, Zuhura, ndiyo watu wanayoyapenda kwenye ala hiyo." Rashidi unamjua, akishapata jibu hatafuti swali. Lakini ana sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo imeninyima usingizi. Ala yenyewe inavuta kwenye huzuni. Chini ni nene, ina giza, na lile tumbo la mviringo la mwishoni linaifunika sauti kidogo hata ukipiga wazi. Ukipanda, unene unapungua, na ukizidi kupanda inakuwa nyembamba mpaka mtu anajiuliza kwa nini usingeichukua oboe tu ukamaliza. Inapoanza nota haikurupuki kama oboe. Ukiiandikia wimbo mrefu wa polepole katikati ya sauti yake, wimbo utahuzunika wenyewe hata kama hukukusudia. Nimejaribu wimbo wa harusi, nao ukahuzunika.

Nilichokuja kukiona ni kwamba furaha ya ala hii haitoki kwenye mbio. Ukiikimbiza sana inahema, na ulimi wako hauwezi kurudufu kwa kasi ya filimbi. Inatoka kwenye nota fupi zilizoachana, pale pale katikati, na kimya kinachokuja mahali msikilizaji hakukitarajia. Nota mbili, kimya, nota moja, kimya kirefu kidogo, halafu tatu. Ule weusi wa sauti ukikatwa vipande vidogo unachekesha, unakuwa na ucheshi wa mzee anayesema utani bila kutabasamu. Debussy kwenye Nuages, yaani Mawingu, kaipa nota chache tu nayo inazirudia kila mara bila kuzikuza, na hakuna ala nyingine inayoruhusiwa kuzigusa. Yeye kafanya hivyo kwa mawingu, mimi nafanya kwa mzaha, lakini nimejifunza kwake kwamba koranglei haihitaji maneno mengi.

Nyuzi chini yake nimeziambia zidonoe kwa vidole, zisivute upinde. Viola nimeinyamazisha karibu ngoma nzima, maana inakaa kwenye sauti zile zile zako na ikivuta upinde inakumeza. Neema, mpiga viola, amenuna. Kasema hajawahi kuona mtu akimwalika mgeni halafu akamkataza kusema. Nimemwahidi wimbo mzuri sehemu ya tatu, na nimempa kweli, usije ukamwonea wivu.

Haya, sasa ndipo penye shida. Fungua ukurasa wa mwisho.

Nimeandika katika ufunguo wa D kubwa, kwa sababu nyuzi zinapenda D, zina kamba zilizo wazi, zinang'aa. Kwako, kwa kuwa nota zako huandikwa hatua tano juu ya sauti inayosikika, inasomeka A kubwa, shapu tatu, hilo halikusumbui. Wimbo wa mwisho unashuka taratibu ukielekea nyumbani. Nyumbani ni D ya chini. Na ala yako inaishia E. Hatua moja tu! Inafika kizingitini haiingii ndani. Nilipoligundua hilo nilikasirika, nikatembea chumbani, kisha nikaanza kulipenda. Nimefanya hivi: unashuka F-shapu, E, unaishikilia E mpaka inakaribia kufa, na selo inaimalizia D. Wewe unaleta wimbo mpaka mwisho wa uwezo wako na mwenzako anaupokea. Kila nikikisikia kichwani kifungu hicho nafurahi.

Tatizo ni kwamba nakisikia kichwani na kwenye kompyuta, na vyote viwili havina mapafu wala midomo. Programu inapiga hiyo E, yaani B yako ya chini kabisa, kwa mnong'ono laini usio na mkwaruzo hata kidogo, na ingeweza kuishika mpaka kesho. Nakujua wewe utasema nini. Utasema B ya chini ikipigwa kwa upole ama haitoki ama inatoka kwa kishindo. Na hapo hatujagusa vidole. Unatoka C-shapu kwenda B kwenye nota zako, kidole kidogo cha kulia kinateleza kutoka kibonyezo kimoja kwenda kingine huku kidogo cha kushoto kikibana B, na mimi nimeandika yafungwe pamoja kwa pumzi moja, bila ulimi, kwa sauti inayofifia. Nikikiangalia kifungu hicho kwa macho yako naona uonevu. Nikikiangalia kwa masikio yangu siwezi kukifuta.

Najua pia utaniambia, "Si uhamishe iwe F kubwa?" Nimelifikiria. F kwako inakuwa C, hakuna shapu wala flati, na nyumbani panakuwa C yako ya chini, unaingia ndani kwa miguu yako. Lakini nyuzi zinafifia, ile ngoma inapoteza nusu ya mng'ao, na selo inakosa kazi ya mwisho. Na E kubwa ndiyo kabisa: nyumbani panakuwa B yako ile ile ya hatari, na wewe unasoma shapu tano. Dvořák aliweka Largo katika D-flati, flati tano, mpigaji wa koranglei akasoma nne, na ndiyo raha ya kuwa hatua tano juu: kwenye flati unapunguziwa, kwenye shapu unaongezewa. Ningekuwa mtu wa flati tungeelewana mapema.

Nimetaja pumzi. Kurasa hizi utaona nimeweka mapumziko mahali ambapo wimbo haukuyataka, na nimefanya makusudi. Nina picha yako kichwani ya mazoezi yale ya jioni, ulipokuwa unapiga kile kipande cha yule bwana wa tarumbeta, mstari baada ya mstari bila nafasi. Mshipa wa shingo ulikuwa umesimama, masikio mekundu. Ulipofika mwisho uliitoa ala mdomoni, ukatoa hewa yote kwanza, fuuu, ndefu, ndipo ukavuta nyingine. Bwana yule akasema, "Kumbe pumzi zilikuisha." Ukamwambia hazikuisha, zilizidi: kile kijitundu cha tete hakiruhusu hewa kupita, inabaki kifuani imechacha, na lazima uitoe kabla ya kuingiza nyingine. Hakuelewa. Mimi nilielewa, na tangu siku ile kila ninapokuandikia nahesabu vitendo viwili, kutoa na kuvuta. Kwa hiyo ukiona pumziko la robo peke yake, hilo ni la wimbo. Yako ni yale marefu zaidi niliyoyawekea alama ya penseli.

Narudi kwenye ule mwisho, nisamehe, siwezi kuuacha. Njia nyingine niliyoiwaza ni uishie F-shapu, usishuke kwenye E kabisa, selo ipige E na D yenyewe. Ni salama. Fundi yeyote angeniambia nichukue hiyo. Lakini sikiliza: F-shapu iko ndani ya kordi ya D, yaani nota zinazolia pamoja pale nyumbani, inakaa vizuri, inaridhika. E haikai. Msikilizaji anasubiri. Ule mkao wa kusubiri ndio nilioutaka, na nauamini kwa sababu si wa huzuni, ni wa mtu aliyecheza ngoma akachoka na bado anatabasamu. Nikiuondoa, Rashidi atakuwa ameshinda na kazi itaishia kwenye maombolezo kama zote. Halafu tena... basi, utaona mwenyewe.

Ombi langu ni hili. Kabla hujamjibu mtu yeyote kuhusu ile picha, ipashe moto, loweka tete, piga vipimo vinane vya mwisho, na ujirekodi kwa simu. Simu iweke mbali, upande wa pili wa chumba. Ukiiweka karibu itanasa vibonyezo na pumzi zaidi ya sauti, na mimi nataka kujua kinachomfikia mtu aliyekaa nyuma. Piga mara ya kwanza kama nilivyoandika. Mara ya pili weka ulimi kwenye E, kidogo sana. Mara ya tatu piga unavyotaka wewe, hata kama umebadilisha nota zangu. Usichague iliyotoka vizuri ukanitumia hiyo tu. Nitumie zote, hata ile iliyokwaruza, maana mkwaruzo wenyewe nao huenda ukawa na maana kabla ya selo kuingia. Sijui. Nasema tu.

Na ukishapiga, ukaniambia bado umechoka nayo, sitakushika. Nitakusaidia hata kuandika tangazo. Ila ningekuomba uiuze kwa mtu atakayeipiga, si wa kuiweka juu ya kabati.

Sasa maswali, uyajibu yote usije ukaniruka. Ile B ya chini ukiifikia kutoka juu kwa kushuka inatoka kwa urahisi zaidi kuliko kuianza baridi, au najidanganya? Tete unalotumia sasa ni lile jepesi la siku zile au umebadilisha? Ukijua mwisho uko chini hivyo unaweza kuchagua jingine, na je, hilo jingine litakuharibia ngoma ya katikati? Mapigo sita dhidi ya matatu umeyaona, yanasomeka au niyaandike kwa namna nyingine? Kwenye kipimo kile chenye nota mbili na kimya, utahitaji kuhesabu au utacheka mwenyewe ukajua pa kuingia? Na ungeniambia kweli, bila kunionea haya: ukiipiga ile ngoma, unasikia furaha au unasikia mtu anayejilazimisha? Nani atapiga selo kama Hamisi hatopatikana? Na huyo anayetaka kununua ni nani hasa, Salma kakataa kunitajia. Ni yule ninayemdhania?

Nijibu hata kwa matusi, mradi sauti ziambatane.

Mwenzako,
Zuhura

NB. Kuna faili mbili. Yenye jina lako ndiyo yako, nimeshaipandisha hatua tano, soma kama kawaida. Ile nyingine ina sauti halisi, ni ya mpiga selo, usije ukaipiga ukanipigia simu kulalamika kwamba nimekuandikia nota ambazo ala haina.